Kitabu Nilichomwibia Mwalimu Mkuu

Watu wakiniuliza nani alinifundisha kupenda vitabu, hutegemea nimtaje mama, au padre, au mwalimu mmoja mwema. Mama hakujua kusoma. Padre sikumzoea. Na mwalimu ninayepaswa kumtaja nilimchukia kwa moyo wangu wote. Naye alinichukia, ingawa alikuwa na watoto wengine wengi wa kuwagawia hiyo chuki.

Ilianza siku ya kuhamishwa. Tulikuwa tunaishi juu, kwenye mteremko wa mlima Hanang, katika nyumba ambayo babu aliichimbia nusu ndani ya kilima. Paa lake la udongo lilikuwa sawa na ardhi ya nyuma, hata mbuzi walipita juu yake bila kujua kwamba chini wamelala watu. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wote tushuke tukakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, kule bondeni kando ya barabara iendayo Singida, palipopimwa viwanja kwa mistari iliyonyooka. Majirani wengi walishuka mapema. Baba hakushuka. Alisema ng'ombe wake hawajasikia tangazo lolote.

Wakaja asubuhi moja wakati wa kiangazi, mgambo sita na lori. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni na hakuinuka. Walimbeba na kigoda chake wakamweka kando ya njia, kisha wakapanda juu ya paa na majembe. Mama alikuwa bado ndani anatoa vyungu. Udongo ulianza kumwangukia kichwani, naye akaendelea kutoa, akiingia na kutoka, nywele zake zikizidi kuwa nyekundu kwa vumbi.

Pembeni alisimama kijana mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa na daftari. Hakugusa jembe hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuandika: watu wangapi, ng'ombe wangapi, mizigo gani inapanda kwenye lori. Alimwuliza baba jina lake. Baba akalitaja. Jina la baba lina sauti zinazotoka kooni, ambazo mtu asiyezaliwa na lugha yetu ya Kiiraqw hawezi kuzipata. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Halafu akaandika alivyosikia, akasema, "Basi itakuwa hivi."

Baba alitema mate karibu na viatu vyake. Kwenye karatasi zote za serikali, mpaka alipokufa, baba aliitwa kwa jina lile ambalo mtu wa daftari alilibuni siku ile.

Wiki mbili baadaye nilipelekwa shule ya kijiji kipya, darasa la nne. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini nikaliona shati jeupe. Alinitazama kwa muda.

"Wewe ni wa yule mzee wa kigoda," akasema.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hapa hatubebi mtu na kigoda. Hapa mtu anakimbia."

Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, upande wa Ziwa, akaletwa kwetu kama barua. Hakuwa na mke, hakuwa na ndugu, hakuwa na mbuzi hata mmoja. Hakuna aliyemtembelea, kwa sababu kila nyumba ilimkumbuka na daftari lake. Kiswahili chake kilikuwa safi na kigumu. Chetu alikicheka. Alikuwa na mchezo wake: anamwinua mtoto, anamwambia asome sentensi moja ubaoni, kisha anairudia yeye mwenyewe kwa kukohoakohoa, kama ng'ombe aliyekabwa na bua. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yetu, kwa masikio yake. Darasa zima lilicheka, hata aliyeigizwa, kwa sababu asiyecheka aliinuliwa yeye.

Nilikuwa nakaa dawati moja na binti wa Kibarabaig, mtoto wa wafugaji. Alikuwa Mbarabaig pekee darasani. Walimchukua kutoka bomani mwaka ule watoto wa wafugaji walipotafutwa waende shule, wakamvua vazi lake la ngozi wakamvika sare, ila bangili za shaba zilikataa kutoka mkononi, wakaziacha. Hatukuwa marafiki. Wazee wetu walikuwa na kesi za ng'ombe za miaka na miaka, nasi tuliziendeleza kwenye dawati kwa viwiko. Nilichora mstari kwa mkaa katikati. Kiwiko chake kikivuka, nakisukuma. Changu kikivuka, ananifinya. Kiswahili chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na mimi, ambaye nilichekwa kila siku, nilipata nafuu kidogo kila alipochekwa yeye.

Siku moja ikaja Landrover kutoka Katesh ikashusha kasha la vitabu. Vilikuwa vya kisomo cha watu wazima, maana wazee wetu nao waliandikishwa kusoma, baba akiwamo, na aliketi mle darasani jioni kama mtu aliyefungwa. Mwalimu mkuu alilifungua kasha mstarini mbele yetu, akavitoa kimoja kimoja na kutuonyesha. Kilimo bora cha ngano. Choo na afya ya familia. Ufugaji wa kuku. Kisha akatoa kimoja kilichokuwa tofauti. Jalada lake lilikuwa na picha ya msichana akishuka ndani ya kisima, na kutoka chini ya kisima ilitoka miguu ya watu, imeelekea juu.

Akakigeuza huku na huku. "Hiki kimeingia kwa bahati mbaya," akasema. "Ni hadithi za majini. Taifa halijengwi na majini. Vitabu kama hivi vinawafanya watu walale mchana." Akakibana kwapani.

Sikukifikiria tena. Lakini siku chache baadaye tulikuwa kwenye shamba la shule tukipalilia mahindi, jua la saa saba, nami nikatumwa kuchota maji ya kunywa. Njia ilipita nyuma ya ofisi. Dirishani nikamwona mwalimu mkuu ameinamia meza, anasoma. Anacheka. Siyo kile kicheko cha darasani. Alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kusikiwa, na mabega yake yanatikisika. Mkononi alikuwa na kitabu cha kisima.

Nilisimama pale na ndoo kichwani, na hasira niliyoisikia sijaisikia tena hadi leo. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya jembe. Huyu mtu alikuwa ametutoa kwetu. Alikuwa amelivunja jina la baba. Na sasa ameketi kivulini anakula peke yake kitu ambacho alituambia ni sumu. Sikutaka kukisoma kile kitabu. Nataka hilo lieleweke. Nilitaka akikose.

Ijumaa ile ilikuwa zamu yetu, mimi na jirani yangu wa dawati, kufagia ofisi. Mwalimu alikuwa nje anahesabu majembe. Kitabu kilikuwa juu ya meza, njiti ya kiberiti imewekwa katikati yake kushika ukurasa. Nilikichukua nikakisokomeza chini ya sweta, njiti ikaanguka. Nilipogeuka, yule binti alikuwa mlangoni na ufagio. Alinitazama tumboni, pale sweta lilipotuna. Kisha akainama akaendelea kufagia, akaifagia na ile njiti.

Yeye ndiye aliyefunga mlango na kupeleka ufunguo.

Jumatatu mstarini mwalimu mkuu hakuimba nasi. Aliuliza mara moja tu nani amechukua kitu kutoka mezani kwake. Hakusema ni kitu gani. Nadhani aliona haya. Hakuna aliyejibu. Akamwita mbele yule binti, kwa sababu ndiye aliyeshika ufunguo mwisho.

"Umechukua?"

Akanyamaza.

"Kama siyo wewe, ni nani?"

Akanyamaza. Mwalimu akachukua kimya kile kuwa ni kukiri, au ujeuri, na kwake vitu hivyo vilikuwa na adhabu moja. Sitaieleza ile adhabu. Ilikuwa ndefu. Katikati yake binti yule aligeuza uso akanitafuta kwenye mstari, akanipata, akabaki ananitazama. Hakulia. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba ya kiatu ili waondoke pamoja.

Mimi nikatazama chini.

Kesho yake hakuja shule. Wala kesho kutwa. Dawati likawa langu lote, na mstari wa mkaa ukafutika wenyewe chini ya daftari langu.

Kitabu nilikificha kule juu, kwenye nyumba yetu iliyovunjwa. Paa lilikuwa limeondoka lakini kuta za ndani ya kilima zilibaki, na kwenye kona palikuwa na shimo ambamo mama alikuwa akiweka mbegu. Nilipanda kila nilipotumwa kuni. Mwanzoni nilikifungua ili nijue nimemnyima nini. Nilisoma kwa kidole, nikitamka. Maneno mengi sikuyajua, maana yaliandikwa na mtu wa pwani. Bahari niliiweka mahali pa ziwa Balangida, lile jeupe la chumvi tulilolitazama kwa mbali, nikaliongezea maji. Sultani nikampa uso wa mkuu wa wilaya. Na palikuwa na neno zumaridi, ambalo lilirudi tena na tena, mpaka nikaelewa kwamba ni jiwe la kijani linalowaka.

Hadithi ilikuwa hivi. Msichana anaangusha sindano ya marehemu mama yake kisimani. Anashuka kuitafuta, anashuka, anashuka, mpaka anatokea upande wa pili wa dunia, kwenye mji ambao watu wake wanatembea miguu juu, nyayo zao zimegusana na zetu. Kila kinachopotea huku kwetu kinaangukia kule. Kuna mtaa wa sindano, mtaa wa meno ya watoto, mtaa wa sauti za watu waliokuwa bubu. Na kuna mtaa wa nyumba. Nyumba zote zilizovunjwa duniani zimesimama kule, nzima, zimepangana, milango wazi, na majiko yana moto. Malkia wa mji ule ana jicho moja la zumaridi, na anayetaka kurudi juu na kitu chake lazima kwanza amwachie kitu kingine.

Nilipofika kwenye mtaa wa nyumba nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimeketi juu ya udongo wa paa letu. Nilitazama zile kuta na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori nililia, kwa sauti, kiasi kwamba kuni sikuokota, na jioni ile mama alinisema. Kuanzia hapo sikusoma tena kwa kumkomoa mtu.

Siku moja nilipopanda nikamkuta baba. Alikuwa akirudi kule kwa siri kulima kipande chake cha zamani, jambo ambalo lilikatazwa. Ameketi juu ya ukuta, anavuta tumbaku, na kitabu kiko kwenye goti lake. Kurasa za mwanzo hazikuwapo. Alikuwa ananyofoa, anasokota, anavuta.

"Nimepata karatasi nzuri," akasema. "Inaungua taratibu."

"Baba, hicho ni kitabu."

"Najua ni kitabu. Hata cha yule mtu kilikuwa kitabu. Alikiandika mbele ya macho yangu, na kilipojaa, nikawa sina nyumba."

Nilijua simwezi kwa maneno. Nilijua pia kwamba nikililia karatasi mbele yake atakichoma chote palepale, maana machozi kwa ajili ya maandishi aliyaona kama kuhamia upande wa adui. Nikamwambia tu, "Usianzie nyuma. Anzia mbele, kama ulivyoanza."

Akanitazama. Akakichukua kitabu, akakipindua pindua kana kwamba ataona ndani yake mimi niko wapi.

"Unasoma nini humu?"

"Habari za msichana."

"Amefika wapi?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akapima kwa kidole unene wa karatasi kati ya mahali alipofika yeye na mahali nilipofika mimi.

"Basi kimbia," akasema.

Sijui mpaka leo kama ilikuwa mzaha. Hakucheka. Lakini kila nilipopanda nilikuta ananifuata: kurasa kumi zimeondoka, kumi na tano, na majivu yake yako kwenye ukuta. Nilisoma kwa woga. Nilijifunza kutembeza jicho bila kidole, kumeza sentensi nzima kwa mara moja, kukisia neno nisilolijua na kuendelea. Mwalimu mkuu alikuwa amenifundisha herufi kwa fimbo. Kasi ya kusoma nilifundishwa na baba yangu asiyejua kusoma, kwa kiberiti.

Nilimaliza nikiwa mbele yake kwa karatasi tatu. Mwisho ulikuwa huu: malkia anamwambia msichana achague, naye anachagua kuiacha sindano kule kule na kupanda juu mikono mitupu. Anatokea kwenye kisima cha kijiji kingine kabisa, ambako hakuna anayemjua. Wanawake waliokuja kuchota maji wanamwona mgeni amelowa. Wanampa maji anywe kwanza. Baadaye ndipo wanamwuliza yeye ni nani.

Baba akavuta karatasi zilizobaki. Hata jalada alilikata akaziba nalo tundu la debe.

Kilichobaki kwangu kilikuwa njaa. Nilisoma kile kitabu cha kilimo bora cha ngano mara nne. Nilisoma vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari na chumvi, nikavichukia pale vilipokatika. Nilisoma Agano la Kale la jirani kwa kumchotea maji kama malipo, kwa sababu lilikuwa na vita na visima. Nilisoma maandishi ya magunia. Hakuna kilichonishibisha, na kila kisiponishibisha nilirudi kichwani kwenye ule mji wa miguu juu na kuongeza mitaa yangu mwenyewe.

Njaa hiyo ndiyo iliyonikamatisha. Nikiwa darasa la tano mwalimu mkuu alitupa insha, "Kijiji Chetu". Niliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Siku iliyofuata alikuja na madaftari, akaanza kusoma langu kwa sauti, na nilidhani ananiandalia kile kikohozi chake. Akasoma mistari mitatu. Wa nne ulisema kwamba baada ya mvua majani ya mahindi ya kijiji yaling'aa kama zumaridi.

Akasita. Akasoma tena lile neno, polepole, peke yake. "Zumaridi."

Akainua macho kwenye daftari akanitafuta.

"Zumaridi ni nini?"

"Ni jiwe la kijani, mwalimu."

"Umeliona wapi?"

Alifunga daftari. "Njoo ofisini."

Nilimfuata nikiwa nimekwisha kaza misuli ya mgongo. Aliketi. Fimbo ilikuwa pembeni yake na hakuigusa.

"Kiko wapi?"

"Kimeungua."

"Kimeungua vipi?"

"Kwa moto, mwalimu." Baba sikumtaja. Ningekufa kwanza.

Nje watoto walikuwa wakiimba jedwali la saba. Hatimaye akasema, bila kunitazama, "Yule mwenzako nilimchapa bure."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Uongo," akasema. "Uliogopa, lakini pia ulitaka kitabu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno la kweli namna ile, na nilimchukia zaidi kwa kuwa lilitoka kwake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alishusha sauti.

"Nilikuwa nimefika pale malkia anapomwambia achague. Anachagua nini?"

Nilimtazama. Kola ya shati jeupe ilikuwa imechakaa, imegeuzwa na kushonwa upya kwa mkono, tena vibaya. Kwa mara ya kwanza aliniuliza swali ambalo jibu lake hakulijua. Alikuwa ameinama kidogo mbele. Alikuwa anangoja.

"Hachagui vizuri, mwalimu," nikasema. "Anachagua sindano. Kamba inakatika. Watu wa kijijini kwake wanajaza kisima mawe kwa sababu kimekauka. Hakuna anayemtafuta. Inaishia hapo."

"Inaishia hapo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Hakuna anayemtafuta kabisa?"

"Hakuna."

Aliangalia dirishani muda mrefu, upande wa barabara. "Toka," akasema.

Hiyo ndiyo hadithi ya kwanza niliyoitunga maishani, na niliitunga ili imuumize mtu mmoja. Nilitoka pale nimejaa ushindi mpaka nilijikwaa kizingitini.

Mwalimu mkuu alituma mtu bomani kwa kina yule binti. Jibu lilirudi kwamba wamehama na ng'ombe, wameelekea Yaeda Chini, na kwamba hata wangekuwapo wasingempa mtoto tena. Mwaka nilioingia darasa la saba naye alipata uhamisho. Alisimama barabarani na sanduku moja akingoja basi, na hakuna hata mmoja aliyemsindikiza. Nilipita pale na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilipaswa kumsalimia. Nilipita.

Nilichaguliwa kwenda sekondari, kisha chuo cha ualimu. Serikali ile ile ilinipangia kazi mbali, upande wa Ziwa, nami nikafika kule na sanduku langu jioni moja, na watoto wakayacheka matamshi yangu kabla sijamaliza kusema jina. Hakuna aliyenipa maji. Usiku ule nilimfikiria yule mtu. Sikumwonea huruma, hapana, sitaki kujipamba. Nilielewa tu kwa nini alifunika mdomo alipocheka. Na nilielewa kwamba mwisho wa kweli wa kile kitabu ulikuwa unamhusu yeye kuliko mtu yeyote kijijini kwetu, na kwamba mimi nilijua hivyo, kwa namna ya kitoto, nilipomnyima.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Mbulu, karibu na nyumbani. Mama alikuja kwangu akiumwa mguu, nikampeleka Haydom hospitalini. Tuliketi kwenye benchi nje pamoja na watu wengi walioshuka kwenye mabasi. Mbele yangu aliketi mwanamke aliyempakata mtoto mwenye homa. Mkono wake ulikuwa na bangili za shaba, na kovu la zamani lilipita juu ya kiwiko. Nilimtambua kwa jinsi alivyonitazama.

"Unanijua?" nikamwuliza.

"Nakujua." Kiswahili chake sasa kilikuwa kizuri. Alijifunza mahali pengine, bila sisi.

Nilimwambia yote palepale, kwa haraka na kwa fujo: kitabu, nyumba, moto, insha. Nilimwambia mwalimu alijua baadaye. Nilimwambia nimekuwa mwalimu. Hilo la mwisho sijui nilimwambia kwa nini. Alisikiliza huku akimpepea mtoto.

"Kwa nini hukunitaja?" nikauliza.

"Nilidhani utasema mwenyewe," akajibu. "Kila fimbo nilidhani, sasa anasema."

"Nisamehe."

"Nimeleta mtoto kutibiwa," akasema. "Sikuja kwa hayo." Akainuka, akambeba mtoto, akaenda kuketi benchi la mwisho kabisa, juani, ingawa kwetu palikuwa na nafasi na kivuli.

Mama, ambaye hakuelewa kitu, alisema yule mwanamke hana adabu. Nikamwambia anyamaze, kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha mama, na hakuzungumza nami mpaka daktari alipotuita.

Alasiri tulipanda basi la kurudi. Mama alisinzia. Nilikuwa na kitabu kwenye mkoba, riwaya niliyoianza juzi yake, na nilijiambia kwamba leo sitaweza, kwamba siku kama hii lazima itaniharibia. Basi lilipotoka Haydom nilikifungua. Baada ya ukurasa mmoja nilikuwa nimesahau barabara, na mguu wa mama, na benchi la juani. Nilisoma mpaka Mbulu, kwa raha.